Mifuko ya tabaka tatu, mwaka wa mafuriko: tathmini ya mkulima wa Bahi

Mfuko wa tabaka tatu wa kuhifadhi nafaka, wa kilo 100, niliuchukua mnadani kwa shilingi 5,000. Siku hiyohiyo sandarusi ya kawaida ilikuwa 1,000. Nimeanza na bei kwa sababu najua ndiyo swali la kwanza, na ndiyo inayowafanya wengi waushike, waugeuzegeuze, halafu waurudishe mezani. Mimi nimeutumia miaka ya kawaida na nimeutumia mwaka wa mafuriko. Huo wa mafuriko ndio nataka tuuongee, maana redioni wanausifia kwa habari ya wadudu peke yake.

Kwa asiyeujua: ni mifuko mitatu iliyoingizwa mmoja ndani ya mwingine. Miwili ya ndani ni nailoni nzito, wa nje ni sandarusi inayobeba uzito. Unajaza nafaka kavu, unafunga kila mfuko kivyake, na wadudu walioingia na nafaka wanaimaliza hewa iliyomo mpaka wanakufa. Dawa huweki. Ujuzi wenyewe ulianzia Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye kunde, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Siku hizi mifuko ya namna hii inatengenezwa hapahapa nchini na kampuni zaidi ya moja. Sitaji ya nani nilinunua. Nazungumzia aina ya mfuko, si nembo.

Mimi nalima Bahi. Mpunga uko bondeni kwenye skimu ya umwagiliaji, mtama na uwele na mahindi kidogo viko upande wa juu. Mto Bubu unaleta maji kwenye mbuga yetu, na mbuga haina mlango wa kuyatoa kwenda baharini, kwa hiyo yakija mengi yanatanda tu. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Shamba likizama Januari, hakuna vuli wala masika nyingine ya kukutoa. Nazungumzia msimu wa 2023/24, ule wa El Niño. Wengi mnaukumbuka kwa maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023. Kwetu hayakufika huko, tunashukuru, na ndiyo maana hamkutuona kwenye taarifa ya habari.

Njaa ya mafuriko ina tabia yake. Ya ukame sisi Wagogo tunaijua toka enzi. Wazee wana jina la kila njaa, na Mtunya, ile ya miaka ya 1917 mpaka 1920, bado inasimuliwa majumbani. Ukame unakuja taratibu na unakuta kila mtu. Mafuriko yanachagua. Shamba langu la bondeni limezama, la jirani kule kwenye udongo mwekundu limestawi na mwaka huo anavuna kuliko miaka yote. Mgeni akipita barabarani anaona kijani kibichi, anasema watu hawa wameneemeka, anaendelea na safari. Wakati huo makorongo yamekata njia, fuso haliingii kijijini, na debe la mahindi dukani limepanda ilhali mjini bei iko palepale.

Hapo ndipo zinaanza zile hesabu ambazo kila mwanamke wa kijijini anazijua bila kufundishwa. Uji mchana, ugali jioni. Mahindi yanachanganywa na mtama, baadaye mtama peke yake. Mlenda uliokaushwa mwaka jana unatolewa ulikofichwa. Mbuzi anapelekwa mnadani, na ukifika unakuta kila aliyefurikiwa kaleta wake. Wanunuzi wanajua kilichowaleta, wanataja bei ya kuku na kugeuka kuongea na simu. Kijana mmoja anakwenda mjini kuponda kokoto, mwingine anaingia porini na shoka la mkaa. Watoto wadogo wanapelekwa kwa shangazi. Na wapo wanaokopa debe moja Februari kwa ahadi ya kulipa mawili Julai. Hao ndio nawaonea huruma kuliko wote, kwa sababu njaa yao ya mwaka kesho tayari wameshaisaini.

Heri ilikuwepo kidogo. Mbuga ikijaa, samaki wapo. Kambale tulikula mpaka watoto wakaanza kununa wakiona sufuria. Na maji yaliporudi nyuma hatukuliacha tope hivihivi: tulipanda dengu na viazi vitamu kwenye unyevu uliobaki, na juu tukarudishia mtama wa muda mfupi, Macia, maana kwa mahindi tulikuwa tumeshachelewa. Lakini dengu si chakula cha Februari. Kati ya maji kuingia na dengu kukomaa kuna miezi, na miezi hiyo unakula ulichoweka. Mfuko unapimwa hapo.

Wangu ulipimwa hivi. Stoo yetu ni ya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, mifuko imekaa juu ya chaga za mbao. Maji yalipanda usiku mpaka magotini. Mifuko iliyosimama wima ililowa sandarusi ya nje tu, matope yakajipaka upande wote wa chini. Nilipofungua mmoja nilizamisha mkono mpaka kiwiko kikapotea: mahindi makavu, yanateleza, ukiitafuna punje inalia. Mfuko mmoja ulikuwa umeangukia ubavu, shingo imelala majini. Huo ndio ulipitisha maji pale pa kufungia, na kama debe moja hivi la juu likaharibika. Yaliyobaki tuliyatoa siku ileile, tukayatandaza kwenye turubai jua lilipochomoza.

Kwa jirani yangu maji yalikuwa na nguvu zaidi. Gunia lake zima la tabaka tatu lilitoka mlangoni na kuelea. Walilikuta asubuhi limenasa kwenye ua wa minyaa, uzi wa shingo uko vilevile. Nilidhani anatia chumvi mpaka nilipoliona mwenyewe. Kumbe punje zina mianya mingi kati yake, na kama shingo imefungwa sawasawa, hewa ya humo inatosha kulinyanyua gunia. Gunia la kawaida lingekunywa maji na kuzama hapohapo kizingitini.

Mama mkwe yeye bado anaishi kwenye tembe na hataki kusikia habari ya bati. Paa la udongo likinyeshewa siku mfululizo linakuwa zito kuliko miti iliyolibeba, na lake liliangukia chumba cha kilindo, lile pipa la gome la kuwekea nafaka. Yeye alikuwa kwetu, Mungu mkubwa. Sikisemi vibaya kilindo: gome la mti limehifadhi mtama wa Wagogo vizazi na vizazi, na kwenye nyumba kavu halina shida. Ila linanyonya maji. Mpaka tunamaliza kufukua udongo, mtama ulikuwa umechipua humohumo.

“Usiutupe, mwanangu,” akaniambia. “Hicho ni kimea.”

Na kweli, uliochipua ukiwa msafi aliuanika, akausaga, tukanywa togwa. Uliokuwa na ukungu tuliuzika bila kumwonyesha, maana angeutetea.

Kuhusu ukungu sina mzaha. Mwaka 2016, hapahapa Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka wa mafuriko kishawishi ni kikubwa kuliko mwaka mwingine wowote: mahindi yaliyolowa yako mbele yako, watoto wanasubiri, ukiyaosha na kuyaanika ukungu hauonekani tena kwa macho. Wengine wanayapeleka kwa wapika pombe, wengine wanawapa kuku. Sumu haijaenda mbali, imebadilisha njia tu.

Na mfuko huu haukaushi kitu. Hilo waliseme kwa herufi kubwa kwenye sandarusi ya nje, pale walipoandika maneno mengi yasiyo na kazi. Shemeji yangu alivuna mahindi ya shamba lililokuwa limesimama kwenye maji, akayaanika mawingu yakiwa yametanda, akayafunga. Alipofungua, harufu ya pombe ilitutoa nje. Ndani yalikuwa moto, meusi, yameshikana mabonge. Akaanza kumlaani muuzaji kwamba kamuuzia mfuko feki. Nikamwambia, shemeji, mfuko umefanya kazi yake: hauingizi unyevu, na hautoi.

Kama huna kipimo cha mashine, tumia chumvi. Chupa ya kioo iliyokauka kabisa, punje kiasi cha robo chupa, vijiko vichache vya chumvi uliyoianika juani ikachangamka, funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, rudisha nafaka kwenye turubai. Ikibaki chini, fungasha. Hili alitufundisha bwana shamba na halina gharama yoyote, ila kwa mwaka wa mvua nyingi linahitaji moyo, kwa sababu utalirudia mpaka majirani waanze kukucheka.

Sasa kufunga, kwani nusu ya lawama ninazosikia zinatoka hapa. Usijaze mpaka juu. Acha shingo ya kutosha, karibu urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Gandamiza nafaka ili hewa itoke, kisha nyonga shingo ya nailoni ya ndani kama unavyokamua blanketi, ikunje mara mbili juu ya yenyewe, funga kwa nguvu. Kamba ya katani inalegea. Tumia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nailoni ya pili hivyohivyo, kisha sandarusi. Kwa bondeni naongeza langu: shingo iangalie juu na mifuko iegemeane ukutani, isilale. Baada ya wiki kadhaa weka sikio kwenye mfuko. Gunia la kawaida lenye fukusi lina mchakacho, ukisikiliza usiku unaweza kukosa usingizi kwa hasira. Kwenye huu husikii kitu.

Hata dumuzi nimemkuta humo amekufa. Dumuzi ndiye yule wazee wanamuita Skania, aliyeingia kupitia Tabora na kugeuza mahindi ya watu kuwa unga kabla ya kufika mashineni. Utakuta ameanza kutoboa nailoni ya ndani, akaishia njiani.

Kuhusu saizi nina ushauri unaopingana na wa wauzaji. Watakusukumia wa kilo 100 kwa sababu kwa hesabu ya kilo unaonekana rahisi. Wa kuuza, sawa. Wa kula, chukua wa kilo 50. Nyumba ya watu saba inayokula ugali mara moja na uji mara moja, debe moja la mahindi linavuka wiki kwa shida. Gunia la kilo 100 ni kama madebe sita, maana yake utalifungua na kulifunga zaidi ya mwezi mzima, na kila ukifungua unawarudishia fukusi hewa. Mfuko mdogo unaisha kabla hawajapata nguvu. Tena usiku wa maji, kilo 50 anaibeba hata mtoto wa sekondari. Kilo 100 inahitaji baba mwenye mgongo mzima, na siku hiyo baba huenda yuko kwenye kokoto.

Mbegu nazo ziweke peke yake. Mwaka wa njaa mbegu inaliwa kwa sababu iko kwenye mfuko mmoja na chakula na mkono umeshazoea njia. Mimi za mtama na kunde naweka kwenye madumu ya mafuta ya kupikia yaliyooshwa na kukauka, najaza mpaka shingoni, nakaza kifuniko. Kazi ni ileile ya kubana hewa, na dumu halina bei. Kwa mwenye nafaka kidogo kabisa, madumu yanatosha, asinunue mfuko. Mpunga pia nauacha kwenye sandarusi ya kawaida. Maganda yake yanaulinda vya kutosha, 5,000 yako ipeleke kwenye mahindi na mtama.

Duka. Nilikonunua mara ya kwanza sina neno. Mara nyingine, duka jingine, kijana alinipa mfuko uliochapwa vizuri sana kwa nje.

“Nifungulie, mwanangu.”

“Mama, ni zilezile, tabaka tatu.”

“Basi tuhesabu wote.”

Ndani ilikuwamo nailoni moja, laini, ya kubebea mkate. Akasema hata hiyo inazuia wadudu. Nikamwachia mzigo wake mezani. Msione aibu: hesabuni palepale, kisha jazeni nailoni hewa, nyongeni shingo, mkandamize na kuisogeza shavuni. Pakivuja mtapasikia. Mtihani huohuo nafanya kila msimu kabla ya kurudia mifuko ya zamani. Isiyotoboka inakwenda miaka miwili au mitatu. Iliyotoboka naihamishia kwenye mpunga.

Kinachoitoboa ni panya. Mafuriko yanawafukuza mashambani na wote wanahamia juu, stoo za watu. Mfuko hauna kinga yoyote dhidi ya jino la panya, na tundu moja dogo linatosha kuharibu kazi yote. Paka mmoja mwenye njaa ana thamani kuliko maelezo yote niliyoandika hapa. Fagia punje zilizomwagika, usiegemeze mfuko kwenye kona yenye matambara.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikununua kihenge cha bati. Ni kizuri, panya hawakiwezi, na kwa mwenye nyumba ya juu ningemwambia ajinyime apate. Lakini bei yake inanunua mifuko mingi, na kikishajaa hakihami. Maji yakifika kwenye mlango wa chini wa kutolea nafaka, utakaa unakitazama. Bondeni nataka kitu ninachoweza kukikokota.

Kitu ambacho mfuko hauwezi ni deni. Mwezi wa sita wanunuzi wanaingia na lumbesa zao, gunia limevimba mpaka limeshonewa kilemba, na bei ya kutupa. Mwenye mfuko uliofungwa anaweza kuwaambia rudini Desemba. Aliyekopa debe kwa mawili hawezi, anapura na mdai wake amekaa pembeni juu ya ndoo. Kwenye kikundi chetu cha akiba tumeanza kukopeshana mifuko yenyewe badala ya pesa, mtu anarudisha baada ya kuuza, na riba hakuna. Imewasaidia wachache. Waliokwishafungwa na madeni ya nje bado wanapura kwa ajili ya wengine.

Ladha? Hakuna harufu ya nailoni kwenye ugali, msiwasikilize. Mama mkwe, ambaye ndiye mgumu kuliko wote, alikula mtama wa kwenye mfuko miezi hiyo yote akidai ni wa kilindo cha dada yake, na sikumbishia.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya panya, na kwa sababu ya wenye maduka: sisi tunapura kuanzia Juni, ninyi mifuko mnaishusha Agosti, wakati nusu ya mavuno imeshapanda lumbesa. Ileteni Mei, na ya kilo 50 iwe mingi.